Mtengeneza detekta rahisi amekwama wapi?

OKTOBA 2025 bei ya dhahabu katika masoko ya dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa aunsi kwa mara ya kwanza katika historia. Habari za namna hiyo hazichelewi kufika machimboni, iwe Cibitoke na Muyinga huku kwetu Burundi, Geita na Chunya nchini Tanzania, au Migori nchini Kenya. Kila bei inapopanda, vijana huanza kuulizia kifaa cha kugundua metali ardhini, ambacho wengi hukiita kwa kifupi detekta.

Kwa hali hiyo mtu angedhani kwamba huu ni wakati wa neema kwa kila mwenye kiwanda cha detekta. Sivyo ilivyo. Kampuni ya Tesoro ya jimbo la Arizona, Marekani, iliyojulikana kwa detekta rahisi kuliko zote, ilifunga milango mwishoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2020 ikafuata White's Electronics ya mji mdogo wa Sweet Home, jimbo la Oregon, iliyokuwa kazini tangu 1950. Haki zake za kiufundi zilinunuliwa na mshindani wake, Garrett ya Texas.

Swali la kujiuliza ni hili: inakuwaje mtu anayetengeneza kitu kizuri, chepesi kutumia na kisichoharibika ovyo, ashindwe wakati wateja wanaongezeka? Na hilo linatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki ambao hatujawahi kuwa na kiwanda cha detekta hata kimoja kinachojulikana?

Linatuhusu sana. Kila mwaka tunawaambia vijana wanaohitimu vyuo vya ufundi: tengenezeni vitu rahisi, watu wetu hawana fedha. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na maneno hayo nayasikia katika kila mahafali. Kabla ya kuyarudia tena mwaka huu, inafaa tuangalie yaliyompata aliyeyafuata kwa uaminifu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Detekta ina koili ya waya wa shaba iliyozungushwa kama sahani. Umeme unaobadilika mwelekeo mara maelfu kwa sekunde ukipita katika koili hiyo hutoa nguvu za sumaku zinazoingia ardhini. Zikikuta kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hutoa sumaku yake yenyewe. Koili ya pili huipokea ishara hiyo dhaifu, nayo spika ikalia. Hakuna uchawi hapo. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeelewa somo la Faraday anaweza kuunda detekta ya kugundua sufuria iliyofukiwa chini ya mchanga.

Ndiyo maana historia yake ni ndefu. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kwa kifaa cha aina hiyo kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, akashindwa. Katika miaka ya 1930 Gerhard Fisher aliigeuza kuwa bidhaa ya kuuzwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ofisa wa jeshi la Poland, Józef Kosacki, aliunda detekta ya mabomu ya ardhini ambayo jeshi la Uingereza liliitumia El Alamein, Misri, mwaka 1942.

Tesoro, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni hazina, ilizaliwa katika mkondo huo. Mwanzilishi wake, Jack Gifford, alianza biashara hiyo mwaka 1980 akiwa na imani moja: saketi iliyosanifiwa vizuri haihitaji madoido. Detekta yake ndogo iitwayo Compadre ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kuzungusha, betri moja ya volti 9, haina skrini, na uzito wake ni kama kilo moja. Mtumiaji alisikiliza mlio. Mlio safi, chimba; mlio uliokatika-katika, pita. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa kwanza alipewa dhamana ya maisha: kifaa kikiharibika, kampuni inakitengeneza.

Waliozitumia walizipenda, na hadi leo zinauzwa na kununuliwa zikiwa zimetumika. Kwa hiyo kampuni haikuanguka kwa sababu ya ubovu wa bidhaa. Sababu ziko kwingine, na kubwa zaidi inaonekana vizuri kupitia lugha yetu.

Katika Kiswahili neno "rahisi" lina maana mbili. Kitu rahisi ni kile kisicho na ugumu, na pia ni kile chenye bei ya chini. Tumezoea kuziona maana hizo mbili zikitembea pamoja kama mtu na kivuli chake. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa hata katika vifaa vya umeme: chenye mambo mengi kilikuwa ghali, chenye mambo machache kilikuwa bei nafuu. Kilichotokea katika miaka ishirini iliyopita ni kwamba maana hizo zimeachana.

Chipu za kompyuta zimeshuka bei kiasi kwamba kuongeza skrini, namba za kutambulisha metali na programu za kuchuja kelele hakuongezi gharama kubwa kwa kiwanda kinachozalisha maelfu kwa maelfu. Kwa upande mwingine, saketi ya kizamani yenye vipande vingi vinavyounganishwa na kurekebishwa na mafundi wa Marekani wanaolipwa mishahara ya Marekani haikushuka bei. Mwaka 2019 kampuni ya Nokta Makro ya Uturuki ilitoa detekta iitwayo Simplex, yenye skrini na uwezo wa kuzama majini hadi meta tatu, kwa bei isiyofika dola 300. Detekta za Tesoro za daraja la kati na la juu, nyingi zikiwa hazina skrini wala uwezo wa kuzama, zilikuwa zikiuzwa dola 400 na zaidi. Hapo isiyo na ugumu ndiyo iliyokuwa ghali.

Naye mshindani wa juu hakulala. Minelab ya Australia ilitangaza mwaka 2017 detekta yake iitwayo Equinox, inayotumia frikwensi kadhaa kwa wakati mmoja, teknolojia ambayo awali ilipatikana katika mashine za bei kubwa zaidi. Iliingia sokoni 2018 kwa bei ya chini ya dola 1,000. Kampuni hiyo ilisema waziwazi kwamba detekta zote za frikwensi moja sasa zimepitwa na wakati. Tuseme yalikuwa maneno ya muuzaji, lakini aliyekuwa na detekta za frikwensi moja tu dukani alipata jeraha.

Sababu ya pili ni ya kusikitisha kidogo: uimara wenyewe. Kitu kisichoharibika hakimrudishi mteja dukani. Ukimuuzia mtu jembe la kumfaa miaka thelathini, umepata fedha yake mara moja katika miaka thelathini. Ukiongeza ahadi ya kulitengeneza bila malipo, kila jembe unalouza linakuwa deni dogo linalokusubiri mbele. Ahadi hiyo inabebeka wakati mauzo mapya yanakua. Mauzo yakipungua, fundi wa leo anakuwa akilipwa kutengeneza mashine zilizouzwa na kuliwa fedha yake zamani. Wenye programu ndani ya mashine wanayo njia nyingine: kila baada ya miaka miwili mitatu hutoa toleo jipya, na mwenye la zamani huanza kujiona amebaki nyuma, hata kama mashine yake inafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanya.

Sababu ya tatu ni udongo, na hii inatugusa sisi moja kwa moja. Udongo mwekundu wa maeneo mengi ya dhahabu Afrika una chuma kingi. Detekta rahisi ya frikwensi moja ikipita juu yake hulia kila mahali, au mtumiaji analazimika kuipunguza nguvu mpaka chembe ndogo za dhahabu zisisikike. Minelab ilikulia katika udongo wa namna hiyo huko Australia, na tangu miaka ya 1990 iliunda mashine zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi badala ya mfululizo, ili kuitenganisha ishara ya dhahabu na kelele za udongo. Wimbi la dhahabu lilipoanza Sudan na kuenea katika ukanda wa Sahel, wachimbaji hawakutafuta detekta ya kutafutia sarafu ufukweni. Walitaka ile inayouelewa udongo wao, na walikuwa tayari kulipa maelfu ya dola. Soko kubwa jipya likafunguka mahali ambapo detekta rahisi haikuwa na la kusema.

Sababu ya nne ni kwamba mnunuzi hawezi kujua anachonunua mpaka amekwisha kukinunua. Mlio mzuri hauonekani katika tangazo, namba zinaonekana. Frikwensi tano huonekana bora kuliko moja, skrini ya rangi bora kuliko isiyo na rangi. Detekta ya Tesoro ilimtaka mwenye nayo ajifunze kusikiliza kwa miezi kadhaa, na kujifunza ni gharama ingawa haiandikwi kwenye risiti. Aliyekuja na skrini aliahidi kumwondolea mteja kazi ya kujifunza. Mimi ninayeishi kwa kufundisha najua ni watu wangapi huikataa ahadi kama hiyo. Ni wachache mno.

Hatari ya jambo hili imekwisha kuonekana. Mwaka 2013 mahakama mjini London ilimfunga James McCormick miaka kumi kwa kuuza kifaa kilichoitwa ADE 651, kilichodaiwa kugundua mabomu kwa mbali. Hakikuwa na betri wala saketi ya kufanya kazi yoyote. Kilitokana na kitu cha kuchezea kilichouzwa chini ya dola 20 kwa watu wanaotafuta mipira ya gofu iliyopotea. Iraq ilinunua vifaa hivyo kwa mamilioni ya dola, ikavitumia kwenye vizuizi vya Baghdad huku mabomu yakipita. Viliendelea kuonekana barabarani hadi 2016, waziri mkuu alipoamuru viondolewe baada ya shambulio kubwa la Karrada. Detekta ya kawaida yenye kitufe kimoja ingefanya kazi zaidi ya hiyo, lakini haikuwa na maneno makubwa ya kuiuza.

Msomaji anaweza kusema basi tatizo limekwisha: tununue za kisasa, wa kizamani wajifilie mbali. Lakini hata mshindi hakuwa salama. Codan, kampuni inayomiliki Minelab, ilieleza hadharani jinsi kompyuta ya mfanyakazi wake ilivyodukuliwa akiwa hotelini nchini China na michoro ya mashine zake kuibwa. Nakala bandia zilitengenezwa na kumiminwa Afrika kupitia Dubai. Kampuni ililazimika kushusha bei, na faida yake ikaporomoka kutoka dola za Australia milioni 45 katika mwaka ulioishia Juni 2013 hadi milioni 9.2 mwaka uliofuata.

Tuitafakari habari hiyo kutoka upande wetu. Kampuni ilipoteza faida, kisha ikatoa mashine mpya, ikapona. Vijana sita waliouza mbuzi na pikipiki wakachanga fedha za kununua nakala bandia hawana toleo jipya la kuwaokoa. Wamebaki na boksi lenye nembo nzuri linalolia kila linapopita juu ya udongo mwekundu.

Mimi nilizaliwa na kusomea ukimbizini, katika makazi ya Mishamo magharibi mwa Tanzania, ambako wazazi wetu walifika baada ya mauaji ya 1972. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na mzee mmoja pale, fundi redio, ambaye sisi watoto tulimwona kama daktari. Redio za wakati ule zilikuwa na transista na waya unaoziona kwa macho. Akizigusagusa kwa pasi yake ya kulehemu, zinaimba. Kisha zikaja redio ndogo za bei ya kutupa, zenye chipu moja iliyofunikwa kwa tone jeusi la gundi. Hakuna cha kutengeneza mle. Iliyokufa ilitupwa, ikanunuliwa nyingine. Ufundi wa yule mzee haukupungua hata kidogo. Kilichoondoka ni mahali pa kuutumia. Simu za mkononi zilipoingia, alinunua sola akaanza kuchaji simu za watu kwa malipo, na banda lake likajaa tena. Nilirudi Burundi mwaka 2009 nikimwacha akiwa na wateja wengi kuliko zamani.

Hapo ndipo lilipo jibu, kwa maoni yangu. Urahisi peke yake si mtaji. Kitu rahisi huishi pale tu kinapofanya kazi ambayo kile chenye mambo mengi hakiwezi, au pale mambo mengi yanapokuwa kikwazo.

Tazama Garrett, iliyobaki hai na kununua haki za White's. Nayo ilianza na detekta za kutafutia hazina, mwaka 1964. Lakini tangu Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 iliingia pia katika vifaa vya ulinzi. Baada ya mashambulizi ya Kampala mwaka 2010 na ya Westgate jijini Nairobi mwaka 2013, ni nani katika miji yetu hajapitishiwa kijiti cha kugundua metali mlangoni mwa hoteli, benki au duka kubwa? Kijiti hicho ni detekta rahisi kabisa: koili, betri, taa na mlio. Mlinzi wa zamu hahitaji skrini yenye namba 99. Anataka kifaa kinachosema ndiyo au hapana, kisichovunjika kikianguka. Kwenye lango urahisi haukupoteza thamani.

Tazama pia Morogoro. Mabomu mengi ya ardhini ya siku hizi yana metali kidogo sana, hivyo detekta hulazimika kuwa kali mpaka inalilia kila msumari na kila ganda la risasi. Mtegua mabomu anachimba taratibu, akikuta takataka mara nyingi kabla ya kukuta bomu moja. Shirika la APOPO, lenye kituo chake katika Chuo Kikuu cha Sokoine, halikujaribu kuunda detekta kali zaidi. Lilimfundisha panya buku kunusa baruti yenyewe na kuipuuza metali. Panya huyo ni mwepesi, bomu halilipuki akipita juu yake, na shirika hilo husema anamaliza kwa nusu saa eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi, ambalo mtu mwenye detekta huweza kulimaliza kwa siku kadhaa. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania aliyefanya kazi Cambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Panya si teknolojia ya juu. Alishinda kwa sababu alijibu swali ambalo mashine ilikuwa ikiliuliza vibaya.

Kwa mantiki hiyo, nina mambo matatu ya kusema kwa wanaohusika.

La kwanza ni kwa walimu na vyuo vyetu vya ufundi. Tuache kuwaambia vijana kwamba kitu rahisi kitauzika kwa sababu tu watu wetu ni maskini. Soko la Jumuiya ya Afrika Mashariki tuliloingia mwaka 2007 linapokea bidhaa kutoka pande zote, na chochote kinachoweza kutengenezwa kwa mamilioni kitafika Bujumbura kwa bei ambayo karakana ya vijana kumi haiwezi kuifikia. Tuwafundishe kuuliza kwanza: ni wapi hapa kwetu mashine ya kigeni haifai? Mwenye mashine ya kupasua mbao hutafuta msumari uliojificha ndani ya gogo usije ukavunja msumeno. Mwenye kusaga nafaka hutafuta kipande cha chuma kabla hakijaingia kwenye unga. Hizo ni kazi za detekta rahisi iliyofungwa mahali pake na fundi aliye jirani, anayeitwa leo na kufika leo.

La pili ni kwa serikali. Mashirika yetu ya viwango hupima mabati, saruji na mafuta ya kula. Detekta inayomgharimu mchimbaji mapato ya mwaka mzima nayo inastahili kupimwa. Haihitajiki maabara ya kifahari: udongo mwekundu wa machimbo, vipande vya dhahabu vya uzito unaojulikana vilivyofukiwa kwa vina mbalimbali, na karatasi ya kuandika ni kipi kilichosikika. Nchi moja ikipima, nyingine zisome matokeo.

La tatu ni kwa mchimbaji mwenyewe. Usinunue namba. Mwambie muuzaji afuatane nawe hadi kwenye udongo wako, fukia kipande unachokijua, kisha sikiliza. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu. Na ununuzi huo ufanywe na ushirika badala ya mtu mmoja, ili mashine moja iliyo ya kweli ihudumie wengi na mmoja wao apewe muda wa kuijua vizuri.

Maana hata mashine ya bei kubwa kuliko zote haiondoi kazi ya kujifunza. Inaisogeza tu. Aliyeshika Compadre ya kitufe kimoja alijifunza kusikiliza mlio; aliyeshika mashine ya maelfu ya dola anapaswa kujifunza kuisoma skrini, kuujua udongo, na kuitambua nakala bandia. Viwanda vya Arizona na Oregon vimefungwa, nasi hatuwezi kuvifungua. Lakini mtoto anayekaa darasani leo huko Cibitoke anaweza kufundishwa, kwa koili ya shaba na betri ya volti 9, ni kitu gani hasa kinacholia ndani ya boksi hilo. Akikijua, hatauziwa boksi tupu.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari nchini Burundi.